Presha Ipimwe, Dawa Zimezwe

"Jana tu alikuwa mzima." Maneno haya tumeyasikia misibani hadi tumechoka. Hakuwa mzima. Mara nyingi mshipa uliopasuka kichwani mwake ulikuwa ukiharibika kwa miaka, na hakuna aliyempima hata presha.

Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kutanuka, kurefuka na kujipindapinda kupita kawaida. Madaktari huiita hali hiyo dolikoektasia. Huipata zaidi mishipa ya nyuma, ile inayopanda kutoka shingoni hadi kwenye shina la ubongo. Ukuta wa mshipa ukishalegea, huchomoza kama tyubu ya baiskeli kwenye tairi bovu. Uvimbe huo ndio aneurizimu. Ukipasuka, damu inamwagikia ubongo. Hata usipopasuka, damu inayozubaa humo huweza kuganda na kuleta kiharusi.

Wapo wachache waliorithi mishipa dhaifu, mfano wenye ugonjwa wa Loeys-Dietz. Hao na ndugu zao wamwone bingwa. Kwa wengi wetu wabaya ni presha iliyoachwa miaka mingi, na sigara.

Lakini presha haiumi, basi hatupimi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Aliyegunduliwa naye humeza dawa mwezi mmoja, akiona namba zimeshuka anasema amepona. Namba zimeshushwa na dawa! Ukiacha, zinapanda tena.

Kila mtu mzima anayeingia zahanati avishwe mkanda wa presha, awe ameleta mtoto kliniki au amekuja kwa sababu ya goti. Ni dakika chache, bila sindano. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, arudi apimwe siku nyingine, na ikijirudia aanze matibabu. Aliyetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu, asihangaishwe na foleni kila mara hadi akate tamaa.

Na kichwa kikilipuka ghafla kwa maumivu ambayo mtu hajawahi kuyaona, shingo ikakakamaa au akatapika, msimpe vidonge akalale. Tafuteni gari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, mumfikishe hospitali yenye kipimo cha CT.