Muujiza Haukimbii Uchunguzi

Kila ardhi inapotikisika hapa Nyakiriba, swali lile lile huzuka: je, Mkatoliki anayesadiki miujiza aweza pia kuisikiliza sayansi? Wako wanaodhani kwamba hana budi kuchagua moja. Sisi hatuafikiani nao.

Tukumbuke usiku wa tarehe 22 Mei, 2021. Mlima Nyiragongo ulilipuka, lava ikateremka kuelekea Goma, ikateketeza makazi ya watu, kisha ikasimama karibu na kiwanja cha ndege. Wengi walisema papo hapo kwamba sala zimeizuia. Sayansi ina maelezo mengine: mlima ulipokwisha kumwaga ulichokuwa nacho, lava ilikosa nguvu ya kuisukuma, ikapoa na kuganda.

Hatuna nia ya kumdhihaki aliyesali usiku ule. Lakini tarehe 17 Januari, 2002, mlima huo huo ulipolipuka, lava iliteketeza hata kanisa kuu la Wakatoliki mjini Goma. Je, mwaka ule hapakuwa na waliosali? Mwenye kuita kila wokovu muujiza, bila kujua, humtwika Mungu lawama ya kila msiba.

Kanisa lenyewe halina pupa hiyo. Habari za wasichana wa shule kutokewa na Bikira Maria zilipoanza kuenea kutoka Kibeho mnamo Novemba 1981, Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare hakuharakisha kuzithibitisha. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Uamuzi ulitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni, 2001. Kati ya wengi waliodai kutokewa, watatu tu walikubaliwa. Huko Lourdes, Ufaransa, ofisi ya madaktari imekuwapo tangu 1883. Waliodai kuponywa ni maelfu, lakini uponyaji uliotangazwa na Kanisa kuwa muujiza haujafika mara 100.

Ni dhahiri basi kwamba sayansi si adui wa imani, bali ni mlinzi wa lango lake. Yenye maelezo huyaeleza. Yasiyo na maelezo huyakiri, na hapo mwumini yu huru kusadiki. Atakayesema kwamba lisiloelezeka leo laweza kuelezeka kesho, amesema kweli. Ndiyo maana Kanisa hungoja miaka.

Jambo hili si la wasomi pekee. Tarehe 27 Mei, 2021, ilipotolewa amri ya kuhama sehemu za Goma kwa hofu ya mlipuko mwingine, maelfu walivuka na kuingia Rubavu. Hatudhani kwamba waliiacha imani yao ng'ambo ya mpaka. Askari husali kabla ya doria, wala hasahau kukagua silaha yake. Vivyo hivyo, siku wataalamu watakapotoa onyo tena, wajibu wa kila mwumini ni kuwashika watoto wake mkono na kuondoka. Sala zake na azisali njiani.