Kisanduku Kitupu Si Ushahidi

Wapo watumishi wa umma wanaoamini kwamba kiumbe asiyeonekana katika kanzidata hayupo. Imani hiyo ni ya hatari, na haina budi kupingwa.

Tutazame Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza, wanasayansi walimkuta kando ya maporomoko chura mdogo azaaye watoto hai. Jina lake la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, lilichapishwa baadaye. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Bwawa lilipobuniwa, hakuna orodha ambayo ingeweza kumtaja; lakini bondeni alikuwapo.

Leo ipo kanzidata ya dunia ya bioanuwai, GBIF, iliyoanzishwa mwaka 2001, na Tanzania imo. Hata hivyo, rekodi nyingi zinaishia kwenye jenasi. Kisanduku cha spishi ni kitupu. Pengine aliyekusanya kielelezo hakupata mtaalamu wa kukitambua. Pengine jina lililoandikwa halimo katika orodha kuu, na mfumo ukaipandisha rekodi hadi jenasi au familia. Majina nayo hubadilika: kipunji alielezwa mwaka 2005 akiwa Lophocebus, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Kanzidata isiyounganisha majina hayo humfanya nyani mmoja kuwa wawili.

Wachambuzi wengi huzifuta rekodi za namna hiyo na kuita kazi hiyo usafishaji wa data. Huko ni kufuta ushahidi. Rekodi hubeba namba ya kielelezo, jina la awali, mahali na tarehe. Kwa hayo mtafiti anaweza kurudi hadi kabati la makumbusho na kukiweka kielelezo mbele ya mtaalamu.

Tutaambiwa kwamba hakuna fedha za kuajiri wataalamu hao. Mbona zilipatikana za kumzalisha chura wa Kihansi katika bustani za wanyama za Marekani, kumrejesha nyumbani, na kulinyunyizia bonde lake maji kwa mitambo? Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa kujua.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi, usiidhinishe tathmini ya athari kwa mazingira isemayo "hakuna spishi adimu" kabla hujauliza: katika eneo hili, ni rekodi ngapi zisizo na jina la spishi, na nani amezifuatilia? Wanafunzi na wanaharakati nao waulize hadharani. Asipopatikana wa kujibu, mradi usubiri.