Kumfukuza kocha si tiba

Washabiki wa mpira wa vikapu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wana haki ya kunung'unika. Timu yao ya wanaume imetwaa ubingwa wa vyuo mara tano, na msimu wa 1976 ilishinda mechi zote 32. Hata hivyo, tangu 1987 haijalionja taji hilo.

Ninachokipinga mimi ni dawa wanayoing'ang'ania. Tangu Bob Knight afutwe kazi mwaka 2000, makocha wameingia na kutoka. Mwaka 2021, kumwondoa Archie Miller kuligharimu zaidi ya dola milioni 10. Mrithi wake, Mike Woodson, aliwahi kuichezea timu hiyo hiyo. Naye akazomewa nyumbani, akaondoka mwaka 2025. Akaajiriwa Darian DeVries.

Mgala muue na haki yake mpe. Kocha aondokapo, wachezaji wengi huhamia vyuo vingine, na mgeni hulazimika kuanza alifu kwa ujiti. Je, timu itakomaa lini? Washabiki na wadai matokeo, lakini wampe kocha muda wa kulea vijana. Sifa za 1976 hazifungi bao leo.