Kishikwambi Kinaingia Hatua Gani ya Somo?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu nchi nzima. Kifaa kikishafika mkononi, kazi ngumu huanzia mezani kwa mwalimu. Kwenye andalio la somo, safu ya zana inaandikwa "kishikwambi" kama ilivyokuwa ikiandikwa "chati", bila kueleza kinaingia hatua gani, kwa dakika ngapi, na watoto watafanya nini.

Mfano wa Tanga hutajwa sana. Kuanzia 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa watoto wapatao 2,700 vijijini. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019, timu za onebillion na Kitkit School ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Ni matokeo ya kutia moyo kwelikweli. Lakini kule kila mtoto alikuwa na kifaa chake, na programu yenyewe ndiyo iliyopanga hatua za kujifunza. Darasani kwenye kifaa kimoja, mpangilio huo lazima utoke kwa mwalimu.

Chukua somo la mzunguko wa maji katika shule ya Mgeta, milimani Uluguru. Watoto ni 60, kipindi ni dakika 40. Video ya dakika tatu, ikitazamwa na makundi sita kwa zamu, inakula dakika 18. Makundi matano yanayosubiri yafanye nini?

Jibu liko nje ya dirisha. Ukungu umekaa mlimani, na miguu ya watoto bado ina umande wa njiani. Mwalimu aanze kwa kuuliza maji hayo yametoka wapi, kila kundi lichore safari ya maji: kutoka vijito vya Mgeta hadi mto Ruvu, mpaka bombani Dar es Salaam. Zamu ikifika, watazame kile ambacho macho hayakioni, yaani mvuke ukipanda, kisha warudi kusahihisha mchoro wao. Video iwe imepakuliwa mapema, betri imejaa.

Andalio la namna hii linataka muda, na walimu wana vipindi vingi. Ndiyo maana vikao vya MEWAKA, ambako walimu hukutana shuleni kujifunza pamoja, ni mahali pazuri pa kuliandaa: mmoja atafute video, mwingine apime dakika, wa tatu aandike maswali ya tathmini, na wiki inayofuata waambiane ni kundi lipi lilikwama.