Mtunza sanduku anataka kupumzika

Jumamosi iliyopita, tulipokwisha kuhesabu pesa na kufunga kufuli zote tatu, mtunza sanduku wetu alibaki amesimama. Akasema: "Mama wenzangu, miaka minne imetosha. Tafuteni mwingine." Hakuna aliyejibu. Mmoja alianza kumfunga mtoto mgongoni, mwingine akatafuta kandambili zake. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulijifanya tunasoma kaye ya mahesabu, nayo tulikuwa tumekwisha kuisoma mara mbili.

Juma hili tunamwandika yeye, bila jina, maana ndivyo alivyotuomba. Wote mnamfahamu: anauza mawese na ndagala sokoni. Siku ya mkutano hulitia sanduku ndani ya beseni, akalifunika kwa kitenge, na juu yake akaweka majani ya sombe, ili anayekutana naye njiani aone mama anayetoka shambani. Siku ile tuliyokimbia alilibeba sanduku mgongoni, na mtoto aliyezoea mgongo huo akatembea kwa miguu.

Ufunguo hana hata mmoja. Funguo ziko kwa mama watatu wengine, ndivyo kanuni ya AVEC inavyotaka: anayelala na sanduku asiweze kulifungua, na mwenye ufunguo asilale na sanduku. Analinda kitu asichoweza kukigusa, tena bila kulipwa hata franka moja. Lakini jirani wanajua tu kwamba "pesa iko kwake". Mtoto akipata homa usiku, wanapiga hodi kwake. Akieleza habari ya funguo, wanaondoka wakisema ana roho ngumu. Bwana wake aliwahi kutuuliza, kwa heshima, kama wezi wakija watasoma kwanza kanuni za AVEC.

Nasi tukiri letu. Mwaka jana mshahara ulichelewa na minervali ya watoto ikatubana. Tukaenda kwake jioni kuomba atutolee kidogo kabla ya siku ya mkutano. Alitupa kiti, akatupa chai, akakataa. Majuma mawili tulimsalimu kwa mbali. Mwalimu mzima!

Usiku wa Jumamosi ile, tukisahihisha kaye za wanafunzi, tulimkumbuka mama mmoja wa Kenya ambaye habari zake tulizisoma zamani, Mary Okelo. Yeye alikuwa mtu wa banki hasa, wa meza na mhuri. Mwaka 1977, mjini Nairobi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa meneja wa tawi la Barclays Bank. Kiti hicho kilikuwa kimezoea wanaume. Mwaka uliofuata, yeye na mume wake walianzisha shule ndogo ya watoto, Makini, ambayo baadaye ikawa shule kubwa yenye jina Kenya nzima. Hapo mtu angesema basi, amefika, sasa apumzike.

Mwaka 1981 alishirikiana na wanawake wenzake kuanzisha Kenya Women Finance Trust, shirika la kuwakopesha wanawake. Kwa nini meneja wa banki aende kutafuta mlango mwingine wa mikopo, na mlango wa banki anao? Ni kwa sababu ya dhamana. Banki inataka hati ya shamba au ya nyumba, na katika nyumba nyingi hati ina jina la baba. Mama anayeuza nyanya, anayelipa madeni yake yote, hana cha kuweka mezani. Na meneja, hata akiwa mwanamke, hata akimwonea huruma, hawezi kumpa. Pesa si yake. Naye kwa namna fulani alikuwa analala na sanduku bila ufunguo.

Wazo hilo halikuwa la Kenya peke yake. Mwaka 1975 wanawake wa nchi nyingi walikutana Mexico katika mkutano wa Umoja wa Mataifa, na kutokana na mazungumzo ya huko shirika la Women's World Banking lilianzishwa mwaka 1979. Kati ya waanzilishi wake alikuwepo Esther Ocloo wa Ghana, mama aliyeanza biashara kwa kupika jemu ya machungwa na kuitembeza.

Tusifikiri kila kitu kilikwenda vizuri. Miaka kumi baadaye shirika lile la Kenya lilikuwa karibu kufa. Mwaka 1991 Jennifer Riria alikabidhiwa kuliongoza, naye akalifufua kwa kukopesha wanawake walio katika vikundi, kila mmoja akiwa dhamana ya mwenzake. Ndilo jambo lile lile tunalolifanya sisi Jumamosi chini ya mwembe, tukilalamika kwamba jua ni kali.

Turudi kwetu. Kutoka Lubondja kwenda Baraka na pesa ya mama wote ndani ya mkoba, juu ya piki, ni hatari kuliko kulala nayo. Dawa iliyo karibu tunaijua, ila tunaisahau: pesa ikopeshwe siku ile ile ya mkutano, sanduku lirudi nyumbani karibu tupu. Mwizi wa sanduku tupu anaiba mbao. Mwezi huu limelala zito kwa sababu wengi wetu tunaogopa kuomba mkopo, halafu tunakwenda kukopa kwa mfanyabiashara kwa riba kubwa zaidi. Anayetaka mbegu za karanga au mtaji wa ndagala aje aseme mbele ya wote.

La pili ni habari ya waume. Katika Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, mke ndiye aliyepaswa kuomba ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi jambo la sheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inataka mume na mke wapatane, yaani na mume pia atafute neno la mke. Mama anayesema "bwana hatakubali nitunze sanduku" kabla hajamuuliza, tunamwomba amuulize kwanza. Nyumba ni ya wawili, na hatari ikija itawakuta wote wawili.

Mkutano ni Jumamosi saa nane. Tunapendekeza kila mtunza sanduku afanye miezi sita tu, na wawili wamsindikize kwenda na kurudi, bila kutaja hesabu njiani. Tena mfuko wa msaada umtolee mtunza sanduku wetu kitenge kipya, kwa sababu kile cha kufunikia beseni kimetoboka.

Kuhusu nani atakayemfuata, sisi tumekwisha kuuliza nyumbani. Bwana ameomba siku tatu afikiri. Zinaisha Ijumaa.