Kisukari: jina moja, dawa si moja

Liko neno lisemwalo sana vijijini mwetu, toka milima ya Kingi na Masisi hata msitu wa Walikale: ya kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wanene, na maskini mwembamba hawezi kuupata. Neno hili si kweli, tena ni la hatari. Kwalo mtoto aweza kufa huku wazazi wakimtafutia dawa ya minyoo, au wakimshtaki jirani kwa uchawi.

Na tuueleze kwanza ugonjwa wenyewe. Nyuma ya mfuko wa chakula kuna kongosho, ambalo hutoa insulini. Insulini ndiyo iitoayo sukari katika damu na kuiingiza mwilini iwe nguvu. Ikipungua, au ikishindwa kazi, sukari hubaki katika damu. Ndipo mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huona kiu isiyokwisha, na hukonda ijapokuwa anakula.

Hali hiyo huitwa kisukari, lakini sababu zake ni mbalimbali. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, mwili wenyewe huiharibu sehemu ya kongosho itoayo insulini. Hao hawawezi kuishi bila sindano. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto katika Kanada, mwaka 1922. Kabla ya hapo watoto wa namna yake walikufa karibu wote. Kwa wengine, hasa watu wazima, insulini ipo, ila mwili hauitii. Wengi wao husaidiwa na vidonge, kazi za mwili na kupunguza unene.

Liko kundi jingine, nalo latuhusu sana. Mwaka 1955 ziliandikwa habari za wagonjwa wembamba wa Jamaika, wasiofanana na makundi hayo mawili. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikipa nafasi kisukari kitokanacho na utapiamlo, kisha mwaka 1999 likakiondoa, likisema ushahidi hautoshi. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua na kukiita aina ya tano. Mwaka uo huo wataalamu walitangaza habari za vijana wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini waliohesabiwa kuwa wa aina ya kwanza: kadiri ya theluthi mbili hawakuonekana na alama za damu zionyeshazo kwamba mwili unajishambulia. Katika nchi yetu, ambamo vita vimewatoa watu mashambani mwao mara nyingi na watoto wamelala njaa, nani asiyeona uzito wa habari hizi?

Lakini asije mtu akasema, «Basi nami niache sindano.» Hasha! Maana yake ni kwamba daktari hana budi kumtazama kila mgonjwa peke yake: umri wake, unene au wembamba wake, chakula chake, na magonjwa ya jamaa yake. Hata vipimo vyataka akili. Kiko kipimo kionyeshacho sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili au mitatu. Ni kizuri, lakini kwa mwenye upungufu wa damu, au aliyerithi selimundu, ingawa kwa mzazi mmoja tu, kipimo hicho chaweza kudanganya. Basi mwenye habari hizo na amwambie daktari mapema.

Dawa nayo hufuata maisha ya mtu. Kiasi cha insulini kimfaacho alaye mara tatu chaweza kumwangusha yule alaye sombe na ugali mara moja tu jioni. Sukari ikishuka mno, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa. Akiweza kumeza, apewe upesi maji ya sukari. Akizimia, asitiliwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitalini. Na kuitunza dawa pia si sawa kila mahali: katika baridi ya Masisi ni rahisi kuliko katika joto la Walikale, ambako chungu cha udongo kilicholoweshwa maji na kuwekwa kivulini husaidia, dawa ikiwa ndani bila kuguswa na maji.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Hapa hapa Masisi, katika hospitali ya Mweso, wagonjwa wa kisukari walitunzwa katika miaka ya 2010 kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, ingawa vita vilikuwa karibu.

Basi, enyi wazazi, mtoto akikonda, akinywa maji mno na kurudia kukojoa kitandani, mpelekeni apimwe sukari siku iyo hiyo. Nanyi wagonjwa, msiazimane vidonge wala msiige kiasi cha sindano cha jirani. Wakati wa kukimbia, chukueni dawa pamoja na karatasi ya hospitali, ili muuguzi wa mahali pengine ajue mlivyotibiwa. Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dawa ya kuazima nayo haiponyi. Yaweza hata kuua.