Taarikhi ya Karen Haikuanza na Haikuishia Mbogani

Aghalabu ya watu wakiutaja mtaa wa Karen, ulioko kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, hutaja mabalozi na matajiri wakaao humo, na nyua za miti zilizoshonana hata mpita njia asione japo paa la nyumba. Na wakitakiwa kueleza asili ya mtaa huo, humtaja bibi mmoja wa Kidenmaki, Karen Blixen, kitabu chake kilichotoka mwaka 1937, na filamu iliyotengenezwa kwa kitabu hicho mwaka 1985. Hayo ni kweli yote, wala sina haja ya kumpunguzia marehemu heshima yake. Illa taarikhi ya ardhi ile ni pana kuliko umri wa mtu mmoja, na naona ni dhuluma kwa wakulima waliokaa pale kwamba hata leo taarikhi yao haijaandikwa ikaonekana.

Kabla ya kuja walowezi, Wamaasai walichunga ng'ombe wao chini ya milima ya Ngong, na Wakikuyu walilima upande wa Dagoretti. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa pakazuka ukame, nzige, sotoka na ndui, watu wakafa na wengine wakahama. Na serikali ya Kiingereza, ilipoiona ardhi iliyopungukiwa na watu, ikaihesabu kuwa haina mwenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1902 ikawapa walowezi ardhi kwa miaka 99, kisha kwa sheria ya mwaka 1915 muda huo ukaongezwa ukawa miaka 999, yaani muda ambao hakuna aila yoyote iwezayo kuungoja umalizike.

Katika zama hizo ndipo Bror Blixen wa Uswidi aliponunua shamba mwaka 1913, akamwoa Karen mjini Mombasa Januari ya mwaka uliofuata, na mwaka 1916 jamaa za bibi huyo wakaunda kampuni ya kahawa iliyochukua jina la Karen. Shamba lilikuwa na ekari 6,000. Kahawa ilichukua kiasi cha ekari 600 tu, na ekari kama 1,000 zilikuwa makonde ya Wakikuyu, ambao sheria iliwaita maskwota, wakipanda mahindi, maharagwe na viazi vitamu, wakafuga na mifugo yao. Naomba msomaji azipime hesabu hizo vema: makonde ya wenyeji yalizidi shamba la kahawa lenyewe kwa ukubwa. Na ijara ya kukaa pale ilikuwa ni kazi, kwani sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu skwota kumfanyia mwenye shamba kazi isiyopungua siku 180 kwa mwaka.

Kahawa haikustawi. Mahali pale pamepita futi 6,000 juu ya bahari, pana baridi na mvua zake si za kutegemewa. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua, na bei ilipoanguka duniani kuanzia mwaka 1929, wenye hisa wakachoka kutia fedha, shamba likauzwa mwaka 1931. Mnunuzi, Remi Martin, hakuitaka kahawa, bali alitaka kuikata ardhi viwanja vya majumba, maana Nairobi ilikuwa ikikua. Hivyo thamani ya Karen tuijuayo leo haikuzaliwa na jembe la mtu yeyote. Ilizaliwa na hati, na ujirani wa mji.

Maskwota wakatakiwa kuondoka. Bibi Blixen alihangaika katika ofisi za serikali mpaka wakakubaliwa kuhamia pamoja, bila kutawanywa, katika sehemu ya msitu wa akiba wa Dagoretti. Na hilo ni katika mema yake, nalitaja kwa moyo safi. Lakini kubwa zaidi ni kwamba watu waliolima ekari 1,000 hawakuwa na neno lolote mbele ya sheria lililoweza kuyazuia mauzo yale, hata wakahitaji shufaa ya mwanamke aliyekuwa amekwisha filisika mwenyewe.

Siku hizi ndani ya Karen mna mjadala mkali. Wakaazi wengi wanataka kiwanja kisipungue nusu ekari, wanayapinga majengo ya ghorofa, na husema kwamba wanaihifadhi asili ya mahali. Katika kuilinda miti na maji ya visima nakubaliana nao kabisa. Bali katika neno asili siafikiani nao, kwa kuwa asili wanayoitetea ni ile iliyokatwa kwa kamba ya mpima ardhi baada ya mwaka 1931, na chini yake pana makonde ambayo mipaka yake haikuwahi kuwekwa katika ramani ya mauzo.

Nyumba ya Mbogani, alimokaa Bibi Blixen shambani mwake, iliyojengwa mwaka 1912 na kutolewa na serikali ya Denmark iwe zawadi kwa Kenya mwaka 1964, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986, na wageni wa nchi nyingi huizuru. Nataka pale pawe na chumba kimoja cha waliolima: majina yao, ramani ya makonde yao, na habari ya safari yao ya kwenda Dagoretti. Makumbusho ya Taifa yanaweza kuifanya kazi hiyo kwa kuwauliza wazee wa Dagoretti na kuzipekua nyaraka za serikali. Nawe msomaji, ikiwa babu au bibi yako alikuwa skwota katika shamba lile, andika jina lake, andika konde lake lilikuwa karibu na mto gani na upande gani, uipeleke habari hiyo Mbogani ipokewe ingali na mtu wa kuithibitisha.